Ndiyo, Fanya Kama Nisemavyo

Mwezi Novemba 2021 watazamaji wa YouTube walimwona mtu mmoja akiiangusha kompyuta yake mwenyewe mbele ya kamera, huku akitaka tu kucheza gemu. Mtu huyo ni Linus Sebastian, Mkanada ambaye video zake za kompyuta hutazamwa na mamilioni. Yeye na mwenzake Luke Lafreniere walikuwa wamewekeana changamoto: kila mmoja aihame Windows, atumie Linux kwenye kompyuta yake ya nyumbani, waone watafika wapi. Linus alichagua Pop!_OS, mfumo endeshi unaotengenezwa na System76, kampuni ya Denver, Marekani. Kitu cha kwanza alichokitaka ni Steam, programu ya kununulia na kuchezea magemu.

Alianzia kwenye duka la programu lililomo ndani ya mfumo. Likagoma. Akafungua dirisha la amri na kuandika amri fupi ambayo kila aliyewahi kugusa Ubuntu, mfumo ndugu wa Pop!_OS, anaijua, ya kusakinisha Steam. Kompyuta ikamwaga orodha ndefu ya majina yasiyotamkika, na chini yake onyo kwamba vifurushi vya lazima vitaondolewa, jambo lisilofaa kufanywa na mtu asiyejua barabara anachokifanya. Kama bado anataka kuendelea, aandike kwa mkono wake sentensi nzima, herufi kwa herufi: *Ndiyo, fanya kama nisemavyo!*

Akaiandika. Alipoiwasha upya kompyuta, hapakuwa na madirisha, hapakuwa na picha, hapakuwa na mahali pa kubofya. Palikuwa na skrini nyeusi, maandishi meupe, na swali moja: jina lako nani?

Wiki ile watu waligawanyika. Wako waliosema ameonywa hakusikia, ayabebe mwenyewe. Wako waliosema mfumo unaokubali kujiua kwa sababu ya gemu ni mfumo mbovu. Mimi nasimama upande wa Linus. Simaanishi kwamba hakukosea, alikosea. Lakini kosa lake lilikuja mwishoni kabisa mwa mlolongo mrefu wa makubaliano kati ya watu ambao hajawahi kuwaona, na yeye peke yake ndiye aliyeulizwa swali, tena kwa lugha ya mafundi, akiwa na haja yake. Sura hii inafuata mlolongo huo.

*

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu ukisema kifurushi mtu anafikiria dakika na megabaiti. Kifurushi cha Linux ni faili moja lililobeba programu, au kipande cha programu, pamoja na karatasi ya maelezo. Utaratibu huu, kama unavyotumika ndani ya Ubuntu, Linux Mint, Pop!_OS na ndugu zao wengi, umetoka kwenye mradi wa Debian ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuja na vifurushi zaidi ya 64,000.

Ile karatasi ya maelezo ndiyo moyo wa habari yetu. Ina jina la kifurushi, toleo, ukubwa, kisha masharti. Nahitaji libc6, toleo 2.34 au jipya zaidi. Siwezi kukaa nyumba moja na fulani. Nikiingia mimi, fulani wa toleo la zamani hatafanya kazi tena. Kila sharti limeandikwa na mtunzaji wa kifurushi hicho, mara nyingi mtu wa kujitolea anayefanya kazi hiyo baada ya ajira yake ya mchana. Mmoja yuko Ujerumani, mwingine Brazili, mwingine Japani. Huyu anaahidi kwamba maktaba yake itaendelea kuitikia wito uleule, na yule anaijenga programu yake juu ya ahadi hiyo.

Nimesema maktaba, na hapa sizungumzii mahali pa kuazima vitabu. Maktaba ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja: kufungua faili, kuchora kitufe, kusimba mawasiliano. Hiyo libc6 niliyoitaja inatumiwa na karibu kila kitu kinachotembea ndani ya kompyuta ya Linux. Iguse vibaya, hata amri ya kuorodhesha mafaili itakataa.

Mwenye kazi ya kuyasoma masharti yote na kuyapatanisha anaitwa apt. Ukimwambia nataka kitu hiki, anapiga hesabu ya nini kiingie, nini kipandishwe toleo, nini kitoke. Hilo la tatu ndilo watu wengi hawalijui. Kwa apt, kutoa kitu ni njia halali ya kutimiza masharti, sawasawa na kuingiza.

Chukua kamati ya harusi. Juma amesema atakuja ikiwa tu Asha atakuja. Asha amesema hakanyagi mahali alipo Rehema. Rehema ni dada wa bibi harusi, na bibi harusi amesema bila Rehema haketi yeye. Kamati ya watu wazima italimaliza jambo hili kwa dakika tano: Juma atapelekewa pilau nyumbani. Sasa mpe kazi hiyo katibu ambaye hajui harusi ni nini. Amepewa karatasi ya masharti na agizo moja kutoka kwa mwenye shughuli: Juma lazima awepo. Katibu anapiga hesabu. Juma yumo, kwa hiyo Asha yumo, kwa hiyo Rehema hayumo, kwa hiyo bibi harusi hayumo. Masharti yote yametimia, hakuna hata moja lililovunjwa. Ila pembeni ya jina la bibi harusi kuna alama iliyowekwa na mtu zamani, "huyu ni wa lazima", basi katibu kwa uaminifu anarudi kwa mwenye shughuli na kumwomba saini.

Ile sentensi ambayo Linus aliiandika ndiyo saini.

*

Kwa nini Steam, programu ya kawaida kabisa, iligombana na eneokazi zima, yaani madirisha na picha zote za kwenye skrini? Hapa pana undani wa kiufundi, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokwama bila kujua tumekwama wapi.

Programu ya Steam yenyewe ilikuwa bado ya biti 32, urithi wa kompyuta za zamani, na magemu mengi ya zamani ni hivyohivyo. Kompyuta za leo ni za biti 64. Ili Steam iendeshwe, maktaba ileile inabidi iwemo mara mbili, nakala ya biti 32 ikikaa ubavuni mwa nakala ya biti 64. Debian iliingiza utaratibu wa kuzikalisha pamoja katika toleo lake la 7, mwaka 2013, kwa sharti gumu: nakala mbili za maktaba moja lazima ziwe za toleo lilelile, mpaka tarakimu ya mwisho. Sababu yake ni ya haki, kwani nakala hizo zinashiriki baadhi ya mafaili, na mafaili ya matoleo tofauti yangekanyagana.

Maana yake ni kwamba mtunzaji wa ghala la vifurushi akichapisha nakala ya biti 64 na ile ya biti 32 ikachelewa au ikakwama, mlango umefungwa. Anayetaka ya biti 32 hana budi kuishusha ya biti 64, na juu ya ile ya biti 64 limeegemea eneokazi. Kasoro ya siku ile ilikuwa ya aina hiyo: vifurushi vya biti 32 ambavyo Steam ilivihitaji havikupatana na vilivyokuwa tayari ndani ya mfumo. Ilikuwa kasoro ya ghala, na ilirekebishwa upesi. Aliyekuja siku chache baadaye aliandika amri ileile akaisakinisha Steam bila kujua kwamba pale pamepita ajali.

Mgogoro wa biti 32 ulikuwa umeshawatoa watu jasho kabla ya hapo. Juni 2019 Canonical, kampuni inayoitengeneza Ubuntu, ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 19.10 itaacha kuvitengeneza vifurushi vya biti 32. Mhandisi wa Valve, wenye Steam, Pierre-Loup Griffais, akajibu kwamba basi Steam haitaitambua rasmi Ubuntu hiyo. Haikupita wiki Canonical ikalegeza kamba na kukubali kuendelea na vifurushi teule vya biti 32. Watu wanaodhani migongano ya vifurushi ni mambo ya mashine peke yake waikumbuke wiki ile. Mashine ilikuwa inasubiri watu wakubaliane.

Na kukubaliana kwenyewe si hesabu rahisi. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS, akiwemo Roberto Di Cosmo wa Paris, walithibitisha kwamba swali "je, kifurushi hiki kinaweza kusakinishwa bila kuvunja sharti lolote?" limo katika kundi la maswali ambayo wanahisabati wanayaogopa kwa haki. Hakuna anayejua njia ya mkato inayofaa kila mara. Masharti yakiongezeka, michanganyiko ya kujaribu inaweza kufumuka kupita uwezo wa mashine yoyote. Kinachotuokoa ni kwamba vifurushi vya kweli havina ukorofi wote unaowezekana, na kwamba mbinu za kutafuta majibu zimenolewa sana. Waliotengeneza openSUSE waliingiza mbinu hizo kwenye toleo la 11.0 mwaka 2008, na Fedora ikafuata kwa dnf mwaka 2015.

Lakini hesabu nzuri haitoshi. Katibu wa harusi yetu hakukosea hesabu.

*

Baada ya video ile, System76 waliibadilisha apt yao: mtu anayetaka kweli kuondoa vifurushi vya lazima atengeneze kwanza, kwa makusudi, faili lenye jina la kuivunja kompyuta. Mwezi huohuo wa Novemba 2021, Julian Andres Klode, mtunzaji wa apt ndani ya Debian, alitoa toleo la 2.3.12, ambalo halijaribu tena kutatua mgongano kwa kukitoa kifurushi cha lazima au kilicholindwa. Ile sentensi maarufu imestaafu. Anayetaka balaa hilo sasa lazima alitaje kwa jina ndani ya amri yenyewe.

Nililipongeza badiliko hilo, na bado nalipongeza. Ila lina mpaka, na mpaka huo ulinifikia nyumbani.

Mwishoni mwa 2023, usiku, simu iliita. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa chuoni mwaka wa pili.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mama. Kulikoni usiku huu?"

"Kompyuta imekufa. Inaleta maandishi meupe tu, inaniuliza jina."

"Ulifanya nini kabla hujaizima?"

Kimya kidogo. "Niliondoa Python."

Alihitaji toleo 3.12 la Python, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya zoezi la darasani. Kompyuta mpakato yake ilikuwa na Ubuntu 22.04, ambayo Python yake ni 3.10. Alifikiri kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: unaposhusha kabati jipya, kwanza unatoa la zamani. Akaandika `apt remove python3`. Ikaja orodha. Akabonyeza Y.

Hakuombwa sentensi yoyote. Kwa Ubuntu, Python ile si kifurushi cha lazima kwa maana ya apt, kwa sababu kompyuta inaweza kuwaka bila hiyo. Ndivyo ilivyokuwa, iliwaka. Lakini Python hiyo imetumika kuandika kitengo cha masasisho, vipande kadhaa vya eneokazi, na hata kile kiprogramu kidogo kinachofungua dirisha la amri. Vyote hivyo viliitegemea, na vyote vikatolewa pamoja nayo, kikiwemo kifurushi kiitwacho `ubuntu-desktop`.

Hiki cha mwisho kinastahili maelezo, maana kinawaponza wengi. Ndani yake ni kama kitupu. Kazi yake ni kutaja tu: nahitaji eneokazi, nahitaji kivinjari, nahitaji kisomaji cha picha, nahitaji cha kuunganisha Wi-Fi. Ni kamba iliyofunga mzigo. Ukiikata, mizigo haidondoki hapohapo, lakini apt anaweza kuiandika kwenye daftari lake kuwa haina mwenyewe tena. Siku nyingine mtu akitoa amri ya kusafisha visivyohitajika, vinazolewa vyote. Na mpwa wangu alikuwa ameshaitoa amri hiyo, kwa sababu kompyuta yenyewe, kwa heshima zote, ilikuwa imemshauri.

Kesho yake nilikwenda. Mashine ilikuwa mezani, feni inazunguka, kishale kinapepesa. Niliandika jina lake, yeye akaweka nywila, tukaingia ndani ya chumba kisicho na taa. Mafaili yake yote yalikuwepo, zoezi lake lilikuwepo. Nilimwonyesha kwanza hilo, kwa sababu alikuwa hajalala akidhani amepoteza kazi ya muhula mzima.

Mtandao haukuwepo, kwani kile cha kuunganisha Wi-Fi kilikuwa kimekwenda na wenzake. Tulichomeka simu yake kwa waya wa USB, tukawasha kushiriki intaneti, nikaiomba mashine anwani kwa `dhclient`, ikaipata. Akanunua bando.

Halafu nikamfungulia faili ambalo natamani kila mwenye Ubuntu alijue kama anavyoijua namba ya simu ya nyumbani: `/var/log/apt/history.log`. Apt hasahau. Humo kuna saa na dakika, kuna amri kama alivyoiandika, na mbele ya neno la kuondoa kuna kila kilichotoka, jina na toleo lake. Orodha yake ilijaza skrini zaidi ya mara mbili. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata kioo, na kwenye mstari mmoja kidole kikasimama.

"Mjomba, hii `ubuntu-desktop` niliiona jana. Nikafikiri ni ile picha ya nyuma."

Sijamlaumu mpaka leo. Nani alimwambia vinginevyo? Orodha ile ilikuwa na majina mengi yenye uzito uleule wa herufi, na jina la nyumba nzima lilikaa katikati ya majina ya misumari. Watengenezaji waliona wametoa taarifa kamili, na kweli ilikuwa kamili. Lakini mtu anayeuliza "nikibonyeza Y, kesho nitaona nini?" hakujibiwa popote. Mstari mmoja tu ungetosha, wa kusema kwamba ukiendelea hutakuwa na eneokazi. Kompyuta ilikuwa na habari zote za kuuandika.

Tulirudisha `python3` na `ubuntu-desktop`. Megabaiti mia kadhaa za bando lake zilipita kwenye waya ule huku dada yangu akituletea chai mara mbili. Tulipowasha upya, rangi ya zambarau ilijaa kwenye kioo na yule binti akaweka mikono kichwani.

Python 3.12 aliipata jioni ileile, bila kuiondoa ya mfumo. Tuliisakinisha pembeni ya ile ya zamani, kisha akalitengenezea zoezi lake chumba chake lenyewe, saraka yenye Python yake na maktaba zake, isiyogusa za mfumo. Debian 12 inawasukuma watumiaji kwenye njia hiyo kwa nguvu zaidi: kisakinishi cha maktaba za Python, pip, kinakataa kuweka kitu ndani ya Python ya mfumo, na anayeshikilia lazima aongeze kwenye amri maneno yanayosema waziwazi "vunja vifurushi vya mfumo". Anayeyaandika hayo anajua anachokiomba. Naona hapo kuna mtu aliyekaa akamfikiria mtumiaji.

*

Msomaji atauliza kwa nini tusiachane na kushirikiana maktaba, kila programu ije na vyake. Ni swali la zamani. Waliotumia Windows 95 na 98 wanakumbuka jinsi programu mpya ilivyoweza kufunika faili la DLL, yaani maktaba ya Windows, la wote kwa nakala ya zamani, na kesho yake programu tatu nyingine zikafa bila maelezo. Hali ile iliitwa jehanamu ya DLL, na Microsoft ilihitaji miaka kuizima: ulinzi wa mafaili ya mfumo kwenye Windows 2000, kisha kuruhusu matoleo tofauti ya maktaba moja yakae bega kwa bega kwenye Windows XP.

Lakini kushirikiana kuna faida ambayo inaonekana siku ya msiba. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Kwenye Debian na Ubuntu dawa ilikuwa kusasisha kifurushi cha maktaba hiyo na kuwasha upya huduma zilizoitumia. Programu zote zilizoiegemea zikapona pamoja. Kama kila moja ingekuwa na nakala yake tumboni, ingebidi kuwasubiri watengenezaji wao mmoja mmoja.

Mifumo ya kusambaza programu ya Flatpak na Snap imechagua njia ya kati. Programu inakuja na vitu vyake, inakaa kwenye boma lake, na ikigombana inagombana na nafsi yake. Kwa Steam au kihariri cha video ni suluhisho zuri, na ningemshauri hivyo kila anayeanza. Bei yake ni ukubwa. Programu ya kwanza ya Flatpak inaweza kushusha msingi wa mamia ya megabaiti kabla haijafunguka. Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya waya ni suala la kusubiri kidogo; kwa mwanafunzi anayehesabu bando la wiki ni fedha ya chakula. Wanaoandika kwamba nafasi na intaneti siku hizi ni bure wanaandika kutoka mahali fulani.

Kuna na njia ya Eelco Dolstra, Mholanzi aliyeieleza katika tasnifu yake ya udaktari pale Utrecht mwaka 2006, nayo ndiyo Nix. Kila kifurushi kinakaa kwenye saraka yake yenye alama ya kipekee iliyokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukitengeneza. Matoleo 10 ya maktaba moja yanaweza kuwepo pamoja na yasijuane. Ukiharibu, unawasha kompyuta ukiuchagua mfumo wa jana. Ni wazo zuri kuliko yote niliyoyataja, na ni gumu kujifunza kuliko yote.

Kwa walio wengi, ulimwengu wa apt utabaki, na masharti yake yataendelea kusogea chini ya miguu yetu. Mwanzoni mwa 2024 waliokuwa wakitumia tawi la Debian lililokuwa bado linatengenezwa waliona jambo la kutisha: wakiomba sasisho la kawaida, apt anapendekeza kuondoa nusu ya eneokazi. Mamia ya maktaba yalikuwa yakibadilishwa majina, yakiongezwa mwishoni herufi na tarakimu `t64`. Kisa kilikuwa saa. Mifumo ya biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kisanduku cha kuihifadhi hesabu hiyo kinajaa kwenye sekunde ya 2,147,483,647, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ni tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Kisanduku kilipanuliwa, na kwa kuwa maktaba yenye kisanduku kipana haiwezi kuzungumza na programu inayotarajia chembamba, ilibidi ibadili jina, na kila aliyeiegemea atengenezwe upya. Wakati kazi hiyo ikiendelea, nusu ya ghala lilikuwa na majina mapya na nusu majina ya zamani. Apt hakuwa na kosa. Alikuwa anasoma karatasi za nyumba iliyo katikati ya kuhama. Waliojua walisubiri bila kugusa kitu, na majina yakakamilika.

Apt mwenyewe amebadilika. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imekuja na apt 3.0, ambaye amepangwa upya namna anavyosema. Orodha haiji tena kama mchanga uliomwagwa. Majina yamekaa kwa safu, yanayoingia kwa rangi ya kijani, yanayotoka kwa rangi nyekundu.

Nilimwita mpwa wangu alipokuja likizo, nikaiweka kompyuta yangu mbele yake na kuandika amri ileile, `apt remove python3`, nikamwachia kitufe. Safu nyekundu ikajaa kwenye kioo. Alivuta kiti, akaanza juu kabisa, akawa anasoma jina moja moja kwa sauti ya chini, mengine akiniuliza kazi yake. Ilimchukua muda. Alipofika mwisho alibonyeza N.